Namba moja ya darasa la tisa: uchambuzi wa kisa cha Chicago katika utafiti wa elimu na sera

Katika miaka ya 1990, takriban nusu tu ya vijana walioanza sekondari katika shule za umma za jiji la Chicago, nchini Marekani, ndio waliofika mwisho na kupata cheti. Wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule zote za umma za jiji hilo, ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 400,000, na wengi wao walitoka katika familia zenye kipato kidogo. Kila aliyeulizwa sababu alikuwa na maelezo yake: umaskini, magenge ya mitaani, lugha ya nyumbani, malezi, shule za msingi zisizowaandaa watoto ipasavyo. Maelezo hayo yote yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja lililomsaidia mwalimu wa darasa la tisa kujua afanye nini na mwanafunzi aliyekaa mbele yake.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha kundi dogo la watafiti waliopata jibu ambalo mwalimu angeweza kulifanyia kazi, na cha miaka kadhaa ambayo jibu hilo lilikaa hadharani bila kubadilisha mambo sana. Nimekichagua kwa sababu wengi wanaotamani kuingia katika utafiti wa elimu na sera, kwa nia njema kabisa ya kuzisaidia shule za mijini, hudhani kwamba kazi huisha siku ripoti inapochapishwa. Chicago inaonyesha kwamba siku hiyo kazi huwa haijafika hata nusu, na kwamba nusu iliyobaki inahitaji watu wenye ujuzi ambao vyuo vingi haviufundishi.

Mwaka 1987, William Bennett, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Marekani, alizitaja shule za Chicago kuwa mbovu kuliko zote nchini humo. Mwaka uliofuata bunge la jimbo la Illinois lilipitisha sheria iliyoondoa sehemu kubwa ya madaraka makao makuu ya wilaya na kuyapeleka shuleni. Kila shule iliundiwa halmashauri yake, ambamo wazazi walikuwa wengi kuliko wajumbe wengine wote, na halmashauri hiyo ilikuwa na uwezo wa kumwajiri mkuu wa shule na kuamua kama mkataba wake uendelee. Yalikuwa mageuzi makubwa mno, na mara moja yakazua swali ambalo hakuna ofisi iliyokuwa na uwezo wa kulijibu kwa haki: nani ataueleza umma kama mageuzi haya yanafanya kazi? Wilaya ingejitetea, wapinzani wa sheria wangetafuta makosa, na wasomi wa mbali wangekuja, wakusanye data zao na kuondoka.

Mwaka 1990 ikaundwa Konsotia ya Utafiti wa Shule za Chicago, yenye makao katika Chuo Kikuu cha Chicago, ikiongozwa na Anthony Bryk, na tangu mwanzo Penny Bender Sebring na John Easton walikuwamo. Mambo mawili katika muundo wake yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana ndiyo yaliyoiwezesha kudumu. La kwanza ni uhusiano wake na wilaya. Konsotia ilikuwa na makubaliano ya kupata kumbukumbu za wanafunzi mwaka hadi mwaka, lakini haikuwa idara ya wilaya na wilaya haikuwa na kalamu ya kuhariri matokeo. Kwa upande wake, Konsotia ilijiwekea utaratibu wa kutomshtukiza mtu: viongozi wa wilaya walionyeshwa matokeo kabla hayajatangazwa, wakapata nafasi ya kuuliza na kusahihisha makosa ya kweli, kisha ripoti ikatoka kama ilivyo. La pili ni kamati yake ya uongozi, iliyowakutanisha wawakilishi wa wilaya, wa chama cha walimu, wa vyuo vingine na wa mashirika ya jamii, yaani watu ambao penginepo walikutana kwa kuvutana tu. Aidha, Konsotia ilijizuia kupigia debe sera fulani. Msimamo wake ulikuwa kwamba sera nzuri hupatikana mawazo yanaposhindana kwa uwazi huku kila upande ukiwa na ushahidi bora uliopo.

Utaratibu wa kutoshtukiza unaonekana kama adabu ya kawaida tu, lakini mimi nauona kuwa ndio ujuzi mgumu kuliko yote katika kazi hii. Mtafiti anayemwogopa kiongozi atalainisha matokeo hadi yasiwe na maana. Mtafiti anayetaka kusifiwa na magazeti naye atamvamia kiongozi kwa habari mbaya, na mwaka unaofuata hatapewa data. Kukaa katikati, ripoti baada ya ripoti, kunahitaji tabia ambayo mtu huijenga polepole.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, watafiti wa Konsotia walianza kuutazama mwaka wa kwanza wa sekondari, ambao Marekani ni darasa la tisa. Walitunga kiashiria chepesi mno. Mwanafunzi alihesabiwa kuwa njiani kuhitimu endapo mwishoni mwa darasa la tisa alikuwa amepata angalau krediti 5 za mwaka mzima, zinazomtosha kupanda darasa, na hakuwa amefeli zaidi ya muhula mmoja wa somo moja la msingi, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi au maarifa ya jamii. Hakikuwa na fomula ngumu wala mtihani mpya, na taarifa zake zote zilikuwa tayari katika kumbukumbu za shule.

Ripoti iliyotolewa mwaka 2005 na Elaine Allensworth pamoja na Easton ilionyesha uzito wa kiashiria hicho. Kati ya waliokuwa njiani mwishoni mwa darasa la tisa, asilimia 81 walihitimu katika miaka minne. Kati ya waliokuwa nje ya njia, asilimia 22 tu. Wengi walitarajia kwamba tofauti hiyo ni kivuli tu cha uwezo ambao watoto walikuja nao kutoka shule ya msingi, lakini data zilikataa. Wanafunzi waliokuwa katika robo ya chini kabisa kwa alama za mtihani wa darasa la nane, lakini wakamaliza darasa la tisa wakiwa njiani, walihitimu kwa asilimia 68. Wale wa robo ya juu kabisa walioteleza mwaka huo walihitimu kwa asilimia 37. Mtoto aliyeingia akiwa dhaifu na kuvuka mwaka wa kwanza salama alikuwa na nafasi nzuri kuliko mtoto hodari aliyeanguka mwaka huohuo.

Miaka miwili baadaye ikaja ripoti nyingine iliyochimba sababu za kufeli. Ilibainika kwamba mahudhurio ya darasa la tisa yalitabiri kufeli masomo kwa nguvu mara nane kuliko alama za mtihani wa darasa la nane. Mwanafunzi mwenye alama za juu aliyekosa wiki mbili za masomo katika muhula alifeli masomo mengi, kwa wastani, kuliko mwenye alama za chini aliyekosa wiki moja. Kwa mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa, matokeo haya yana uzito wa pekee, kwa sababu mahudhurio ni kitu ambacho shule hukiona kila siku. Umaskini wa familia hauko mikononi mwa mwalimu, na alama za mwaka jana haziwezi kurudiwa, lakini kiti kitupu cha leo kinaweza kuulizwa leo.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu na chenye mafunzo zaidi. Kiashiria kilikuwa kinajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wilaya ilikiingiza katika vigezo vyake vya kuzipima sekondari, na kila mkuu wa shule akapokea asilimia yake. Pamoja na hayo, kwa miaka kadhaa namba hazikusogea sana. Sababu inaeleweka ukiangalia muda: asilimia iliwafikia wakuu wa shule baada ya mwaka kuisha, wakati waliofeli walikuwa wamekwisha kufeli. Ilikuwa taarifa ya msiba. Mkuu wa shule angeweza kuona aibu au kujitetea, lakini hakuwa na mwanafunzi wa kumwokoa, kwa kuwa asilimia haina majina.

Mabadiliko yalianza mwaka 2007 na 2008, pale data zilipobadilishwa umbo. Wilaya ilianza kuzipa sekondari orodha ya wanafunzi wapya waliohitaji kuangaliwa, iliyotokana na alama na mahudhurio yao ya darasa la nane, kabla hata muhula haujaanza. Kisha zikafuata taarifa za kila baada ya wiki kadhaa zenye jina la kila mwanafunzi wa darasa la tisa, masomo anayoelekea kufeli na siku alizokosa.

Tuutazame mstari mmoja wa taarifa kama hiyo, kwa mfano wa kubuni. Msichana ana alama nzuri za Kiingereza na sayansi, anafeli hisabati, na katika wiki tano amekosa vipindi kumi na kimoja. Kwa mwalimu wa hisabati peke yake, huyu ni mwanafunzi mvivu asiyependa hesabu. Walimu wanne wa darasa la tisa wanapokaa meza moja na karatasi hiyo, wanaona kwamba vipindi vyote alivyokosa ni vya kwanza asubuhi, na hisabati yake ni kipindi cha kwanza. Mmoja wao anaombwa amwulize kwa upole, na inajulikana kwamba kila asubuhi anampeleka mdogo wake shule nyingine kabla ya kuja kwake. Tatizo lililoitwa uvivu sasa ni la ratiba, na la ratiba lina dawa: kipindi cha hisabati kinahamishwa mchana. Utafiti wote wa miaka kumi umekuja kutua katika uamuzi huo mdogo, na bila kikao cha walimu wanne usingetua popote.

Kikao hicho hakijitokezi chenyewe. Mwaka 2006 Melissa Roderick, mtafiti wa Konsotia na profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, alianzisha mtandao uliozikusanya sekondari kadhaa ili wakuu wa shule wajifunze pamoja kuzitumia data hizi. Mtandao huo uliajiri watu waliokwenda shuleni, wakaketi na walimu, wakawafundisha kuongoza mazungumzo ambayo hayaishii katika kulaumu watoto wala kulaumiana. Roderick mwenyewe alikuwa amefanya kazi ndani ya wilaya kati ya mwaka 2001 na 2003 akiongoza idara ya mipango. Naamini kuijua ofisi ile kwa ndani, jinsi agizo linavyosafiri kutoka makao makuu na mahali linapopotelea, kulikuwa na mchango katika kuelewa kwamba ripoti peke yake haitoshi.

Kati ya mwaka 2007 na 2013, sehemu ya wanafunzi wa darasa la tisa waliokuwa njiani kuhitimu ilipanda kutoka asilimia 57 hadi asilimia 82. Katika wilaya yenye ukubwa ule, ni maelfu ya vijana kila mwaka.

Namba ikipanda kwa kasi hiyo, mtu makini lazima ashuku. Njia rahisi ya kupandisha kiashiria hiki ni mwalimu kugawa alama za bure, na shinikizo la kufanya hivyo lilikuwapo, maana shule zilikuwa zikipimwa kwa namba hiyo. Konsotia ilikuwa na sababu zote za kibinadamu za kufurahia na kunyamaza, kwani kiashiria kilikuwa chake. Badala yake Roderick na wenzake waliuliza swali linalofaa: ikiwa alama ni za bure, wanafunzi hawa wataanguka darasa la kumi na la kumi na moja, ambako hakuna anayewahesabu kwa namna hiyo. Ripoti yao ya mwaka 2014 iliwafuatilia wanafunzi wa shule zilizotangulia kupanda, na kukuta kwamba nafuu ilidumu katika madarasa yaliyofuata na kwamba kuhitimu katika shule tatu za kwanza kuliongezeka kwa pointi za asilimia kati ya 8 na 20. Mtu anayetafuta mfano wa uadilifu katika taaluma hii auangalie mtihani huo, ambao watafiti waliiwekea kazi yao wenyewe.

Hata hivyo, shinikizo la namba lilipenya kwingine. Mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa waandishi wa habari, wilaya ilikiri kwamba baadhi ya vijana walioacha shule walikuwa wameandikwa kama waliohama, na ikashusha kiwango chake rasmi cha kuhitimu cha mwaka 2014 kutoka asilimia 69.4 hadi 66.3. Marekebisho hayo hayakufuta maendeleo, kwa sababu mwelekeo wa miaka mingi ulibaki wa kupanda. Lakini yanamfundisha mchambuzi yeyote wa sera kwamba kila namba inayotumiwa kuadhibu au kutunuku itavutwa, na kwamba mtu wa kuitazama kwa jicho la shaka anatakiwa awe ameajiriwa tangu siku ya kwanza.

Ukisoma kisa hiki kwa lengo la kutafuta njia ya kazi, utaona kwamba watu wake hawakubaki katika kiti kimoja. Easton alifanya kazi ya utafiti katika wilaya na pia katika Konsotia, akaiongoza Konsotia, na mwaka 2009 akateuliwa na Rais Barack Obama kuongoza taasisi ya serikali kuu inayosimamia utafiti wa elimu. Bryk alihamia Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 2008 akaenda kuongoza wakfu wa Carnegie unaoshughulikia maendeleo ya ufundishaji, akiwa amebeba wazo kwamba shule hujifunza vizuri zinapojifunza pamoja. Allensworth, msomi wa sosholojia, alibaki Chicago na baadaye akawa mkurugenzi. Njia zote tatu ni halali, ila nakiri kwamba ninayeiheshimu zaidi ni aliyebaki. Kumbukumbu za wanafunzi zina mitego ambayo hujulikana kwa mtu aliyezishughulikia miaka mingi: mwaka ambao wilaya ilibadilisha mtihani, msimbo wa kuhama uliomaanisha mambo mawili, shule iliyogawanywa na kupewa namba mpya. Anayefika leo na mbinu za kisasa za takwimu, bila mtu wa kumweleza hayo, atatoa matokeo maridadi yasiyo kweli.

Kazi zenyewe ni nyingi kuliko jina "mtafiti" linavyodokeza. Yuko anayesafisha data na kuziunganisha mwaka kwa mwaka, kazi isiyoonekana ambayo bila yake hakuna kiashiria. Yuko anayekaa darasani na kuwahoji walimu na wanafunzi, kwa sababu data zinaonyesha kwamba mtoto hayupo lakini hazisemi yuko wapi. Kuna mwandishi na mhariri wa ripoti, ambaye Konsotia ilimthamini kuliko taasisi nyingi za kitaaluma, maana ripoti zake zilikusudiwa kusomwa na mkuu wa shule asiye na muda. Kuna afisa wa wilaya anayepokea matokeo na kuyageuza kuwa utaratibu, na kocha anayekwenda shuleni. Shahada ya uzamivu inahitajika kwa baadhi ya nafasi hizi, hasa za kubuni na kuongoza utafiti. Nyingi za nyingine zinajazwa na watu wenye shahada ya uzamili katika sera, takwimu au ustawi wa jamii, na waliowahi kufundisha huwa na faida ambayo haipatikani kwa kusoma. Miji mingine imeunda taasisi za namna hii, Baltimore mwaka 2006, New York mwaka 2008, Houston mwaka 2011, na kwa hiyo nafasi zimeongezeka, ingawa nyingi hutegemea ruzuku za wakfu na mikataba yake huwa mifupi. Anayeanza ajue hilo mapema.

Ajue pia kwamba kuna nyakati ambapo ushahidi hausikilizwi. Mwaka 1996 wilaya ilianza kuwalazimisha kurudia darasa wanafunzi wa la tatu, la sita na la nane walioshindwa kufikia alama fulani za mtihani, sera ambayo viongozi wa jiji walijivunia. Mwaka 2004 Konsotia ilionyesha kwamba waliorudia darasa la tatu hawakunufaika na kwamba wa darasa la sita walibaki nyuma zaidi. Mwaka 2013 bodi ya wilaya iliamua kufunga karibu shule 50 kwa mkupuo, na uchambuzi uliotolewa baadaye ulionyesha kuwa wanafunzi wa shule hizo walianza kushuka kimasomo mwaka uleule wa tangazo, kabla hata milango haijafungwa, na kwamba katika hisabati athari iliendelea miaka kadhaa. Shule zilikuwa zimekwisha kufungwa. Kuandika ripoti kama hiyo, kuipeleka kwa wahusika walewale, na mwezi unaofuata kukaa nao tena kuzungumzia darasa la tisa, ni sehemu ya kazi hii, na wapo wazuri waliochoka wakaondoka. Siwalaumu.

Waliobaki wamelisogeza swali mbele. Utafiti wa mwaka 2007 ulikuwa umeonyesha kwamba karibu wote waliopata wastani wa B au zaidi katika darasa la tisa walihitimu, huku waliovuka kwa alama za D wakibaki ukingoni; na uchambuzi mwingine wa miaka hiyo ulikadiria kwamba kati ya wanafunzi 100 walioanza sekondari, takriban 8 tu ndio waliokuwa na shahada ya kwanza walipofika katikati ya miaka yao ya ishirini. Kiashiria cha kwanza kiliuliza nani yuko hatarini kufeli. Sasa walimu wanaokaa kwenye vikao vile wameanza kuitazama safu nyingine ya karatasi, ya mwanafunzi mwenye C tatu na mahudhurio mazuri, ambaye hayumo katika orodha yoyote ya hatari, na kuuliza nini kimemzuia kupata B.